Nyonga Inayouma: Mazoezi, Upasuaji wa Matundu Madogo au Nyonga ya Bandia?

Mtu ambaye nyonga yake inauma ndani ya kiungo chenyewe mara nyingi huonyesha mahali pake kabla hajasema neno. Hukunja kiganja mfano wa anayeshika kikombe kikubwa, akakibandika ubavuni mwa nyonga, kidole gumba kikielekea makalioni na vidole vingine vikizama kinenani. Hivyo ndivyo alivyofanya mchumaji karafuu mmoja wa upande wa Mkoani, Pemba, mtu wa makamo, alipofika katika chumba cha mazoezi ninachofanyia kazi. Maneno yakafuata baadaye: "Si juu juu, bwana. Ni ndani, kama kuna changarawe." Alikuwa amekwisha kupokea ushauri wa aina tatu. Hospitali ilimwambia afanye mazoezi. Mpwa wake aliyeko Muscat alimpigia simu kumweleza habari za upasuaji wa matundu madogo, ambao mtu hutoka na vidonda vya sentimita moja hivi. Jirani, ambaye nduguye alirudi kutoka India akitembea bila mkongojo, alimhimiza akabadilishiwe nyonga nzima. Wote watatu walisema kweli, ila kila mmoja alikuwa akizungumzia nyonga ya mtu mwingine.

Kabla ya kulinganisha njia hizo ni lazima kuwa na hakika kwamba tunazungumzia kiungo kimoja. Watu wetu husema "kiuno" kwa kila kitu kilichoko baina ya mbavu na mapaja, na wengi wanaokuja wakisema nyonga inauma huonyesha tako au mgongo wa chini, maumivu ambayo kwa kawaida chanzo chake ni uti wa mgongo. Maumivu ya kiungo cha nyonga hukaa zaidi kinenani, huzidi mtu anapochutama, anapovaa viatu, anapoingia kwenye daladala au anaponyanyuka baada ya kukaa kitako mkekani. Aidha, mtu mwenye homa, anayetoka jasho usiku na kupungua mwili pamoja na nyonga kuuma, aanze kwa kupimwa kifua kikuu cha mifupa na usaha ndani ya kiungo. Mtoto anayechechemea naye ana maradhi yake ya peke yake, na apelekwe hospitali bila kungoja.

Nyonga ni mpira ndani ya kikombe. Kichwa cha mfupa wa paja huzunguka ndani ya kikombe cha mfupa wa nyonga, vyote viwili vimevikwa gegedu, yaani utando laini unaoteleza, na ukingo wa kikombe umezungukwa na utepe wa nyama ngumu unaosaidia kukibana kiungo. Mwaka 2003 daktari Reinhold Ganz wa Bern, Uswisi, pamoja na wenzake, walieleza namna mifupa hii inavyoweza kugongana: ama shingo ya paja ina kinundu kisichotakiwa, ama ukingo wa kikombe umezidi, ama yote mawili. Kila mtu anapokunja paja sana, kinundu hugonga ukingo, utepe ukachanika na gegedu ikamenyeka pole pole. Fikiria mtu anayepanda mkarafuu, goti limefika kifuani, mguu umegeuzwa ndani kutafuta tawi la kukanyaga. Hakuna mkao unaoigombanisha mifupa hiyo kuliko huo. Hata hivyo, vinundu vya namna hii huonekana katika picha za watu wengi wasio na maumivu hata kidogo, na kwa sababu hiyo picha peke yake haitoshi kumpeleka mtu chumba cha upasuaji.

Vigezo vya kupimia

Kigezo cha kwanza, na kwa maoni yangu kinachovizidi vingine vyote, ni hali ya gegedu. Katika eksirei gegedu haionekani, lakini nafasi baina ya mpira na kikombe huonekana, na nafasi hiyo ndiyo unene wa gegedu iliyobaki. Inapokuwa chini ya milimita 2, matokeo ya upasuaji wa matundu madogo huwa mabaya kwa kiasi ambacho madaktari wengi hukataa kuufanya. Cha pili ni kina cha kikombe: kikombe kifupi kisichofunika mpira vizuri ni tatizo la namna nyingine kabisa na dawa yake ni nyingine. Cha tatu ni umri, ingawa umri mara nyingi ni njia nyingine tu ya kuulizia gegedu. Cha nne ni maradhi mengine mwilini, na kwetu Unguja na Pemba sikoseli, maradhi ya damu ya kurithi, lazima itajwe kwa jina, kwa kuwa huziba mishipa midogo ya damu na kukiua kichwa cha paja. Cha tano ni kazi na ibada ya mtu: anapanda miti, anavuta ngalawa, anasujudu sakafuni, choo chake ni cha kuchutama? Cha sita ni nani atakayemsimamia akisharudi nyumbani, na safari na gharama atazibeba vipi.

Mazoezi na dawa

Namna yake. Hapa hakukusudiwi kile ambacho wengi hukidhania, yaani karatasi ya picha nne na kuambiwa "nenda kafanye". Katika utafiti mkubwa wa Uingereza uliolinganisha njia hii na upasuaji, mgonjwa alikutana na mtaalamu mara 6 hadi 10 katika muda wa wiki 12 hadi 24, akafundishwa kuimarisha misuli ya makalio na tumbo, akabadilishiwa mikao inayomuumiza, na mazoezi yakaongezwa uzito kadiri alivyopata nguvu. Vidonge vya kupunguza maumivu na uvimbe husaidia kwa muda, na tahadhari zake ni tumbo, figo na shinikizo la damu. Anayefunga Ramadhani asivimeze wakati tumbo ni tupu. Sindano ya steroidi, dawa kali ya kupunguza uvimbe, ndani ya kiungo inaweza kutuliza kwa wiki au miezi, na ina faida ya pili: ikiwa dawa ya ganzi iliyochanganywa nayo inaondoa maumivu kwa saa chache, ni dalili nzuri kwamba chanzo kiko ndani ya nyonga kweli.

Matokeo. Wengi hupata nafuu ya kuishi nayo, lakini kinundu hubaki palepale. Mtu akirudia mikao ileile kwa nguvu ileile, maumivu nayo yanaweza kurudi.

Hatari. Ni ndogo, na kubwa miongoni mwao ni kupoteza wakati kwa mgonjwa ambaye kumbe kichwa cha paja kimeanza kufa au kikombe chake ni kifupi. Kukandwa kwa mafuta ya makonyo hakudhuru na misuli hulegea. Mkandaji anayevuta na kupinda mguu mpaka ulie, huyo aepukwe.

Kurudi kazini. Hakuna kukatiza, isipokuwa kupunguza kazi nzito.

Anayefaa. Karibu kila mtu kwa kuanzia, kwa angalau miezi mitatu ya mazoezi yaliyofanywa kweli.

Upasuaji wa matundu madogo

Namna yake. Mgonjwa hulazwa kwa nusu kaputi, au mara nyingine kwa ganzi ya mgongoni, juu ya kitanda maalumu kinachouvuta mguu mpaka mpira utengane na kikombe kwa sentimita moja hivi. Hilo la kuvuta ndilo linaloutofautisha upasuaji huu na ule wa goti, kwa sababu nyonga ni kiungo kilichojificha ndani na kubanwa sana. Kwa matundu mawili au matatu huingizwa kamera na vyombo vyembamba, maji ya chumvi yakapitishwa kwa shinikizo ili daktari aone, utepe uliochanika ukashonwa kwa vishikizo vidogo mfupani, na kinundu kikasagwa mpaka shingo ya paja irudi na umbo lake. Wagonjwa wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo au siku ya pili.

Matokeo. Hapa pana ushahidi wa kutosha kuzungumza kwa takwimu. Utafiti wa Uingereza nilioutaja, uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la The Lancet, uliwagawa kwa bahati nasibu wagonjwa 348 wa hospitali 23, nusu wakapasuliwa na nusu wakapewa mazoezi. Baada ya mwaka mmoja, kwa kipimo cha hali ya nyonga cha 0 hadi 100, waliopasuliwa walipanda kutoka kama 39 hadi 59, na wa mazoezi kutoka kama 36 hadi 50. Tofauti iliyobaki baada ya mahesabu ilikuwa alama 6.8, wakati tofauti ndogo kabisa ambayo mgonjwa huihisi imekadiriwa kuwa 6.1. Utafiti mwingine wa Uingereza wenye watu 222, uliotoka mwaka 2019, uliwapima wagonjwa baada ya miezi minane na ukakuta faida ya upasuaji ya alama 10 katika shughuli za kila siku. Kwa upande mwingine, utafiti wa wanajeshi 80 wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018 haukuona tofauti baada ya miaka miwili, ingawa wengi waliopangiwa mazoezi waliishia kupasuliwa, jambo linaloufanya uwe mgumu kufasiri.

Nionavyo, takwimu hizo hazimvunji moyo mtu wala hazimpi ahadi kubwa. Waliopasuliwa waliwazidi wenzao wa mazoezi, lakini walifika 59, hawakufika 100. Anayekwenda akitarajia nyonga ya ujana wake atarudi amevunjika moyo, hata kama daktari amefanya kazi yake barabara. Jambo jingine linalosahaulika ni kwamba bado haijathibitishwa kwamba kusaga kinundu leo kunamwepusha mtu na nyonga kuchakaa kesho. Mtu apasuliwe kwa sababu ya maumivu aliyo nayo sasa.

Hatari. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2013, yaliyokusanya wagonjwa zaidi ya 6,000, yalikuta madhara makubwa chini ya 1% na madhara madogo kama 7.5%. Mengi ya hayo madogo hutokana na kule kuvutwa mguu: ganzi sehemu za siri au msambani, kwa sababu nguzo ya kitanda huubana mshipa wa fahamu uliopo hapo, na ganzi ya ngozi ya mbele ya paja. Aghalabu huondoka zenyewe kwa wiki au miezi, na ndiyo maana madaktari hujitahidi muda wa kuvuta usizidi saa mbili. Gegedu inaweza kukwaruzwa na chombo wakati wa kuingia. Kinundu kikisagwa kidogo kuliko inavyotakiwa, maumivu hubaki, na hiyo ni sababu kubwa ya watu kurudishwa kupasuliwa. Kikisagwa kupita kiasi, shingo ya paja hudhoofika na inaweza kuvunjika. Yako pia ya nadra: usaha, damu kuganda mguuni, mfupa kuota ndani ya nyama, maji kupenya mpaka tumboni, na nyonga kuteguka, hasa kwa aliyekuwa na kikombe kifupi tangu awali. Katika mapitio hayohayo, kama 6% walifanyiwa upasuaji mwingine baadaye, na uliokuwa wa kawaida zaidi ni kuwekewa nyonga ya bandia.

Kurudi kazini. Udogo wa vidonda huwadanganya watu, kwa kuwa nje kidonda hupona kwa wiki mbili na ndani kazi bado. Magongo hutumika wiki mbili hadi sita kulingana na kilichofanywa. Kazi ya ofisini huwezekana baada ya wiki chache, lakini mvuvi, fundi mwashi au mpanda mikarafuu ahesabu miezi minne hadi sita, na miezi hiyo yote ni ya mazoezi. Mgonjwa ambaye hana wa kumsimamia mazoezi atakaporudi Pemba amenunua nusu ya matibabu tu.

Anayefaa. Kijana au mtu wa makamo, gegedu yake bado nene, picha yake inalingana na maumivu yake, mazoezi ameyafanya na hayakutosha. Hafai mwenye nyonga iliyokwisha kuchakaa. Haufai peke yake kwa mwenye kikombe kifupi, yaani pembe ya kufunika mpira iliyo chini ya nyuzi 20, kwa sababu tatizo lake ni upungufu wa mfupa, na tiba yake ni kukata na kukigeuza kikombe chenyewe kwa upasuaji mkubwa wa wazi. Wala haufufui kichwa cha paja kilichokufa kwa sikoseli.

Nyonga ya bandia

Namna yake. Kichwa cha paja hukatwa na kutolewa, kikombe husafishwa, na mahali pao pakawekwa vipande vya chuma, plastiki ngumu au kauri. Mtindo wa sasa unatokana na kazi ya daktari John Charnley wa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa Tanzania, upasuaji huu hufanyika katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, Dar es Salaam, na kwa hiyo si lazima kila mtu afikirie India kwanza.

Matokeo. Kwa nyonga iliyochakaa kweli, hakuna tiba inayoondoa maumivu kuliko hii. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2019 ulikadiria kwamba kama 58% ya nyonga za bandia hudumu miaka 25. Suala ni umri wa mwenye nyonga. Kwa takwimu za Uingereza za mwaka 2017, aliyebadilishiwa akiwa na zaidi ya miaka 70 ana uwezekano wa kama 5% wa kuhitaji kubadilishiwa tena maishani, lakini kwa mwanamume wa miaka ya 50 mwanzoni uwezekano huo hufikia 35%, na upasuaji wa mara ya pili ni mgumu kuliko wa kwanza.

Hatari. Damu kuganda, mpira kuteguka, miguu kutofautiana urefu, na usaha kuizunguka nyonga mpya, ambao hutokea kwa kama mtu mmoja katika mia lakini ukitokea ni mtihani, kwani mara nyingine chuma chote hutolewa. Mwenye sikoseli huongezewa matayarisho: maji ya kutosha, joto, oksijeni na mpango wa damu, kwa sababu mwili ukikosa hayo wakati wa upasuaji maumivu makali ya sikoseli huweza kumshika palepale.

Kurudi kazini. Wengi husimama siku hiyo au inayofuata. Kwa wiki sita hadi kumi na mbili, kutegemea njia aliyopita daktari, mtu huambiwa asikunje nyonga zaidi ya pembe mraba na asipishanishe miguu. Kwa hiyo choo kiinuliwe, mkeka ubadilishwe na kiti, na sala isaliwe kitini. Baada ya muda huo baadhi huruhusiwa kusujudu. Wengine daktari huwataka waendelee na kiti, na dini haimlazimishi mgonjwa asichokiweza. Kupanda mikarafuu, hapana.

Anayefaa. Mwenye gegedu iliyokwisha, maumivu ya usiku, asiyeweza kutembea mpaka dukani. Na pia kijana mwenye sikoseli ambaye kichwa cha paja kimebonyea, kwa kuwa kwake yeye mara nyingi haibaki njia nyingine ya maana.

Kwa hali ya kila mmoja

Aliye chini ya miaka 40, anayeumwa kinenani kwa muda usiozidi miezi michache, aanze na mazoezi na apige eksirei. Gharama yake ni ndogo na mlango wa upasuaji haujifungi. Aliyekwisha kufanya mazoezi kwa uaminifu, sindano ikamtuliza kisha maumivu yakarejea, na nafasi ya kiungo chake ni nzuri, ana haki ya kuuliza habari za matundu madogo. Upasuaji huu ni ujuzi wa madaktari wachache, hivyo aulize maswali matatu kabla ya kulipa nauli ya boti wala ya ndege: umefanya nyonga ngapi kwa njia hii, nafasi ya nyonga yangu ni milimita ngapi, na kikombe changu kina pembe gani. Daktari mzuri hujibu bila kuchukia. Mwenye bima naye apate jibu la mfuko wake kwa maandishi, upasuaji na mazoezi ya baadaye vyote viwili.

Aliyevuka miaka 60 na eksirei inaonyesha mfupa juu ya mfupa asipoteze akiba yake kwa matundu madogo hata akiahidiwa vipi. Achague baina ya kuendelea na dawa na mkongojo, au nyonga ya bandia. Walio katikati, miaka 45 hadi 60 na gegedu nusu kwa nusu, ndio wenye uamuzi mgumu, na kwao ningependelea wapate maoni ya madaktari wawili wasiofanya kazi pamoja. Mwenye sikoseli anayeanza kuumwa kinenani afanyiwe mapema picha ya MRI, yaani ya mashine ya sumaku, kwa sababu eksirei huweza kuonekana safi wakati mfupa umekwisha kuanza kufa, na katika hatua hiyo ya mwanzo, kabla mfupa haujabonyea, zipo tiba za kujaribu kuuokoa, kama kuutoboa ili kupunguza shinikizo ndani yake. Anayesafiri mbali akumbuke kwamba kukaa saa nyingi kwenye ndege baada ya upasuaji wa nyonga huongeza hatari ya damu kuganda, hivyo tarehe ya kurudi aipange daktari, si wakala wa tiketi.

Mchumaji wetu wa Mkoani alikutwa na kinundu na nafasi ya kutosha. Alichagua mazoezi kwa miezi mitano, nje ya msimu, na karafuu za mwaka ule alizichuma mwanawe. Sasa anachutama kwa tabu kidogo, anatembea bila kuchechemea, lakini juu ya mti bado ile changarawe ipo. Msimu ujao unatarajiwa kuwa mkubwa, na wiki iliyopita alikuja na simu yake mkononi, mpwa wake wa Muscat akiwa upande wa pili, kuniuliza yale maswali matatu ni yapi ili ayaandike.